Mwekezaji mdogo wa Lubumbashi: nani anaandika namba unayoiona kwenye simu?

LUBUMBASHI – Katika komini ya Kenya, mama mwenye meza sokoni anaweza kuwa na akaunti TMB, mdogo wake akaweka pesa EquityBCDC, na shemeji yao akapata mshahara kwenye mgodi wa zinki wa Kipushi, kilometa 30 hivi kutoka mjini. Wote watatu maisha yao yanagusana na kampuni zinazouzwa kwenye masoko ya hisa. Lakini hakuna hata moja inayouzwa hapa, kwa sababu Kongo haina soko la hisa.

TMB ilianza kazi Lubumbashi mwaka 2004. Tangu Desemba 2022, asilimia 85 yake ni mali ya KCB. EquityBCDC iko mikononi mwa Equity Group, ambayo mwaka 2020 ililipa dola milioni 95 kwa familia ya George Arthur Forrest ili kuchukua asilimia 66.53 ya ile BCDC ya zamani. KCB na Equity zote mbili zinauzwa katika soko la hisa la Nairobi. Kwa hiyo mkaaji wa komini ya Kenya anayetaka kujua bei ya mwenye benki yake, inabidi aulize nchi ya Kenya.

Upande wa madini, ni mbali zaidi. Ivanhoe, yenye Kipushi na sehemu ya Kamoa-Kakula, inauzwa Toronto. CMOC ya Tenke Fungurume iko Hong Kong na Shanghai. Glencore, yenye KCC na Mutanda, iko London. Shaba inatoka hapa, ila bei yake inapangwa katika soko la madini la London, LME, lililoanzishwa mwaka 1877.

Zamani habari hizo zilikuwa za wakubwa wa Gécamines na mabenki. Leo simu ya kawaida na mega chache zinatosha. Kinachosumbua ni wingi wa programu, na kila moja inajisifu. Kabla ya kuchagua, kuna swali moja la kuuliza kila programu: namba hii inatoka wapi?

Yahoo Finance ndiyo rahisi kuanza nayo. Ni ya bure. Mtu anaandika hisa alizonazo, idadi, bei na siku aliyonunua, na programu inapiga hesabu ya faida au hasara. Kwa Toronto, London na Hong Kong inafanya kazi vizuri. Bei zake nyingi huchelewa, mara nyingi dakika 15 au zaidi, lakini kwa mtu anayetaka kukaa na hisa miaka mitano, dakika 15 si kitu.

Hapo kuna mtego mmoja unaowakamata watu wengi wa Katanga. Bei ya shaba inayoonekana kwenye Yahoo ni ya soko la Marekani, nayo inahesabiwa kwa ratili, si kwa tani. Mtu aliyezoea kusikia dola elfu tisa au elfu kumi kwa tani anaona 4.50 na kudhani shaba imeanguka. Tani moja ina ratili 2,204.6. Ukizidisha kwa 4.50 unapata dola 9,920 hivi. Shaba haijaanguka.

TradingView ina grafu nzuri kupita zote, na hisa za Nairobi zimo. Ubaya wake ni kwamba toleo la bure lina matangazo mengi na linabana idadi ya tahadhari za bei unazoweza kuweka. Pia inamvuta mtu kununua na kuuza kila saa, kwa sababu mistari inacheza mbele ya macho yake.

Kwa Afrika yetu, ukurasa ulio na manufaa zaidi labda ni ule usio na urembo wowote: AFX ya Kwayisi. Unaonyesha bei za Nairobi, Lusaka, Kampala na Dar es Salaam kwenye jedwali jepesi linalofunguka hata pale mtandao unapokuwa dhaifu. Ripoti za mwaka za kampuni hizo zinapatikana bure AfricanFinancials. Lusaka si ya kusahau. Soko lake la hisa lilifunguliwa mwaka 1994, na ndilo lililo karibu zaidi na Lubumbashi, ukishavuka Kasumbalesa. Humo inauzwa CEC, kampuni ya umeme ya Copperbelt ambayo umeme wake unavuka mpaka na kuendesha migodi ya upande wetu.

Tatizo kubwa la programu hizi kwa Mkongo ni pesa zenyewe. Hapa watu wanaweka akiba kwa dola na wanakula kwa franga. Hisa za Lusaka zinahesabiwa kwa kwacha, za Nairobi kwa shilingi. Mwisho wa mwaka 2022 dola moja ilikuwa karibu kwacha 18. Miaka miwili baadaye ilikaribia 28. Tuchukue mtu aliyeingiza dola 1,000, akapata hisa za kwacha 18,000, na hisa hizo zikapanda kwa asilimia 40. Programu inamwonyesha rangi ya kijani: kwacha 25,200. Akibadili kurudi kwenye dola anapata 900. Amepoteza dola mia moja huku simu ikimpongeza.

Nairobi ilitokea kinyume. Mwanzoni mwa 2024 dola ilikuwa karibu shilingi 160 za Kenya, na katikati ya mwaka ilikuwa imeshuka hadi 129 hivi. Mwenye hisa ambayo bei yake haikusogea hata shilingi moja alipata kiasi cha asilimia 24 kwa dola, na programu yake ilimwandikia sifuri.

Ndiyo maana programu isiyoweza kuhesabu kila kitu kwa pesa moja, ile unayoitumia nyumbani, haifai kwa mji huu. Portfolio Performance inaweza. Ni ya bure, inatumika kwa Kifaransa pia, inakaa ndani ya kompyuta bila kutuma hesabu zako kwa mtu, na inafunguka hata bila intaneti. Kuijifunza kunachukua wikendi nzima, hilo lazima lisemwe. Wengine wanapendelea jedwali la Google Sheets, ambalo linavuta lenyewe bei za masoko makubwa. Za Lusaka mtu anaziandika kwa mkono, kama vile katibu wa likelemba anavyoandika kwenye daftari lake.

Kufuata bei ni sehemu nyepesi. Kujua kwa nini bei imesogea ndiyo kazi. Mei 2025, ardhi ilitetemeka ndani ya mgodi wa Kakula karibu na Kolwezi, na kazi za chini zikasimamishwa. Ivanhoe na Zijin ya China wana sehemu sawa katika mgodi huo, asilimia 39.6 kila mmoja, na serikali ya Kongo ina 20. Kila mmoja alitoa tangazo kwenye soko lake, na matangazo hayo hayakufanana. Zijin ilizungumza juu ya dari za mgodi kuanguka na athari kwa uzalishaji wa mwaka. Ivanhoe ilijibu kwamba haikubaliani na maelezo hayo. Baadaye ikaondoa makadirio yake ya uzalishaji wa 2025, na hisa zake zikashuka sana. Aliyekuwa akitazama grafu tu aliona mstari unateremka. Aliyefungua SEDAR+, ghala la bure la nyaraka za kampuni za Kanada, na ukurasa wa soko la Hong Kong, alisoma pande zote mbili.

Na hata nyaraka hizo zinaweza kudanganya. Katanga Mining, iliyokuwa na mgodi wa KCC na kuuzwa Toronto chini ya Glencore, ilikiri Desemba 2018 mbele ya msimamizi wa masoko wa Ontario kwamba ilipotosha wawekezaji, pamoja na kuzidisha kwenye vitabu kiasi cha shaba iliyokuwa nayo. Kampuni na viongozi wake kadhaa walikubali kulipa zaidi ya dola milioni 36 za Kanada. Kila programu duniani ilikuwa imebeba namba zile kwa uaminifu wote.

Lakini pale kulikuwa na msimamizi, kulikuwa na nyaraka, na faini ikalipwa. Wengi wanaopoteza pesa kwa simu hawajawahi kufika hapo. Wanaingizwa na rafiki kwenye kundi la WhatsApp, wanapakua programu yenye nembo safi, wanatuma dola 50 kwa pesa za simu, na kila asubuhi salio limepanda. Wazazi wao wanakumbuka Bindo ya Kinshasa mwaka 1991, iliyoahidi kuzalisha pesa kwa haraka kisha ikaanguka na akiba za watu. Bindo walau ilikuwa na foleni ambayo mtu aliweza kuiona. Aprili 2025 huko Nigeria, jukwaa la CBEX lilifunga milango baada ya kuwaonyesha watu faida kwenye skrini kwa miezi, na waliotaka kutoa pesa wakaambiwa kwanza walipe dola 100 au 200 za kuhakiki akaunti.

Tofauti kati ya programu hiyo na Yahoo haionekani kwa macho. Zote zina grafu, zote zina kijani na nyekundu. Bei ya Equity unayoiona kwenye AFX utaikuta pia TradingView na kwenye ukurasa wa soko la Nairobi lenyewe, watu watatu wasiojuana wakisema namba moja. Salio la programu ya WhatsApp linapatikana mahali pamoja tu, kwa yule aliyeliandika. Jaribio linachukua dakika tano na mega kidogo: tafuta jina la kitu ulichouziwa mahali pengine pawili. Usipokikuta, omba kurudishiwa pesa yote siku hiyo hiyo, bila kulipa chochote kwanza.

Alama ya pili ni rahisi zaidi. Yahoo, AFX na Portfolio Performance hazimwombi mtu azitumie mtaji wake, kwa sababu kazi yake ni kuonyesha na kuhesabu. Anayetaka hisa za KCB au Equity inabidi apitie wakala aliyeidhinishwa wa soko la Nairobi, afunguliwe akaunti ya hisa kwa jina lake na kitambulisho chake. Lusaka nako ni wakala. Orodha za mawakala hao ziko wazi kwenye kurasa za masoko yenyewe, na kuzisoma hakulipiwi hata franga moja.