Kompyuta ya akina mama ilivyorudi kuona

ZIKIWA zimebaki siku tatu kabla ya mgao wa mwaka, mweka hazina wa chama alinipigia simu alfajiri, kabla hajavuka Petite Barrière na beseni lake la sambaza. "Mwalimu, ekrani imezima kabisa. Pesa zetu zimo humo," alisema.

Pesa zenyewe hazikuwa humo, zilikuwa benki. Kilichokuwa humo ni hesabu ya nani ameweka kiasi gani tangu mwaka 2011, nani amekopa na nani hajarudisha. Kwa wanawake wanaouza nyanya, vitunguu na samaki kati ya Gisenyi na Birere, kule Goma, hesabu hiyo ndiyo pesa. Bila hesabu, kila mtu angekuja na kumbukumbu yake, na kumbukumbu ya mtu mwenye njaa huwa haipungui.

Kompyuta hiyo ni ya mtumba. Inatumia Windows 98, na ndani yake imo kadi ya picha ya Matrox G400, aina iliyoingia sokoni mwaka 1999. Msomaji atauliza nakala ya hesabu iko wapi. Mimi ndiye niliyewaanzishia hesabu hizo, kwa hiyo swali ni langu. Mashine haitambui flashi, disketi zimeadimika, nami kila mwezi nilisema nitafanya mwezi ujao. Karatasi ya mwisho tuliyochapa ilikuwa na umri wa miezi minane.

Fundi wa kwanza hakufungua hata kifuniko. Alisema imekufa, akatoa faranga elfu kumi aichukue kama chakavu. Akina mama wawili walikuwa tayari kukubali, maana elfu kumi ni elfu kumi. Nilikataa kwa sababu moja tu: diski ilikuwa bado inanguruma.

Fundi wa pili ni kijana wa Mbugangari aliyejifunza kazi Goma. Yeye alianza kwa kusikiliza. Aliwasha, mashine ikalia mlio mmoja mfupi. Akabonyeza kitufe cha Num Lock, taa ya kibodi ikawaka na kuzimika. "Mgonjwa anapumua, Mwalimu. Haoni tu," alisema. Akaazima waya na skrini kwa jirani mwenye duka la simu. Giza likabaki lile lile. Basi skrini haina kosa, waya hauna kosa, twende kwenye kadi.

Hapo nilimuuliza kwa nini asichomeke kadi nyingine mambo yaishe. Alicheka. Kadi hii hukaa kwenye tundu liitwalo AGP, na tangu mwaka 2004 watengenezaji walianza kuhamia tundu la aina nyingine. Kadi za sasa haziingii, na za zamani zenye uzima hupatikani nazo kirahisi sokoni.

Tundu la nyuma ya kadi, lile la plagi ya buluu lililoletwa na IBM mwaka 1987, lina pini 15 katika safu tatu. Si zote zina kazi kubwa. Pini ya 1 hupeleka rangi nyekundu, ya 2 kijani, ya 3 buluu. Pini ya 13 hupeleka mpigo unaoiambia skrini kwamba mstari mmoja umekwisha, anza mwingine, zaidi ya mara 31,000 kwa sekunde. Ya 14 huiambia kwamba picha nzima imekwisha. Ukikosa rangi moja, unaona picha yenye rangi mbaya. Ukikosa mpigo, skrini hudhani hakuna kompyuta, inalala.

Nikakumbuka jambo nililolidharau. Picha yetu ilikuwa ya manjano kwa miaka. Karatasi nyeupe kwenye skrini ilionekana kama ugali wa mahindi ya njano, nasi tukazoea. Kijana akatikisa kichwa: nyeupe ikigeuka manjano, buluu haipo. Ikigeuka rangi ya maji ya ziwa, nyekundu haipo. Ikigeuka zambarau, kijani haipo.

Akazima mashine, akachomoa kadi, akachukua mita. Kila pini ya rangi, ikipimwa hadi kwenye chuma cha tundu, inatakiwa isome omu 75 hivi. Ya kwanza ilisoma 75. Ya pili 75. Ya tatu mita haikusoma kitu. Lakini alipogusa rezista ya buluu yenyewe kwenye kadi, ilisoma 75. Kwa hiyo rezista ni nzima na njia imekatika kati yake na pini. Katikati kuna kikoili kidogo kuliko punje ya mchele, kazi yake kuchuja kelele za umeme. Chini ya kioo cha kukuzia tuliona ufa wake. Tukaona na cha pili: risasi iliyoshika mguu wa pini ya 13 ilikuwa imepasuka kwa duara, kama pete iliyolegea kidoleni.

Nani alipasua? Nadhani ni sisi wenyewe. Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021 na ardhi ikatetemeka siku kadhaa hapa Rubavu, tulitoa vitu ndani kwa haraka, na mtu aling'oa waya wa skrini bila kulegeza zile skrubu mbili za pembeni. Manjano ilianza baada ya hapo. Ufa wa risasi ulisubiri, ukapanuka kidogo kidogo kwa joto na baridi ya kila siku.

Kazi yenyewe ilichukua chini ya saa moja. Mimi niliyesoma Karagwe nasema kulehemu, yeye wa Goma anasema kusude, lakini moshi ni ule ule. Utotoni nilimwona fundi redio akipasha chuma chake kwenye makaa. Huyu ana cha umeme chenye ncha nyembamba. Aliyeyusha upya risasi ya miguu yote 15, akatoa kikoili kizima kwenye kadi mbovu aliyokuwa nayo koponi, akakibandika mahali pa kile kilichovunjika. Akapima tena: 75, 75, 75. Alidai faranga elfu saba.

Wewe unayenunua kompyuta za mtumba kuzivusha, omba uonyeshwe ukurasa mweupe umejaa skrini, kisha tikisa plagi taratibu kabla ya kulipa. Rangi ikibadilika, punguza bei au ondoka. Na skrini za zamani zenye kisogo kirefu usizifungue, hata zikiwa zimechomolewa. Hubaki na umeme mkali ndani.

Jioni hiyo tuliwasha mbele ya wanachama tisa. Nyeupe ilikuwa nyeupe, mmoja akauliza kama nimenunua skrini mpya. Nilichapa orodha yote mara mbili, nakala moja akabaki nayo mweka hazina. Mama mmoja alitafuta jina lake kwa kidole, akakuta deni alilosema amelipa. Tulibishana naye hadi saa mbili usiku.