Mahaba kwa Waraka Wakati wa Vita

Hapana dhana ninayokutana nayo mara nyingi zaidi kuliko ile isemayo kwamba waliopendana kwa barua wakati wa vita hawakupendana wao kwa wao, ila kila mmoja alikipenda kivuli alichojibunia mwenyewe. Na inayoifuata ni ya wale washikiliao kwamba siri ilikuwa katika karatasi, kwamba waraka uliofukizwa udi na kunuiziwa jina la mtu humvuta mtu huyo hata akiwa ng'ambo ya bahari.

Upuuzi huu wa pili niuondoe kwanza, kwa kuwa posta yenyewe imekwisha kuukanusha. Katika Vita Vikuu vya Pili nafasi katika ndege ilikuwa adimu, basi Waingereza tangu 1941, na Wamarekani tangu Juni 1942, wakawa wanazipiga picha barua za askari: mwandishi alijaza fomu maalumu, mkaguzi akaisoma na kufuta yaliyokatazwa, mtambo ukaitia katika utepe wa filamu, filamu ikapanda ndege, na ilikofika ikachapwa upya katika kijikaratasi kidogo. Kwa hesabu ya Wamarekani, barua 150,000 za ukurasa mmoja, ambazo zingejaza mifuko 37, zilienea katika mfuko mmoja. Wanawake waliozibusu fomu kwa midomo yenye rangi waliikwamisha mitambo, hata watu wa posta wakalalamika. Kilichomfikia mpokeaji kilikuwa sura ya maneno tu, hakina harufu wala alama ya mkono, na mahaba hayakupungua kwa hilo.

Nilikusudia baada ya hapa kueleza kwa taratibu kuchelewa kwa majibu, kisha ukaguzi, kisha upweke, lakini habari ya Chris Barker na Bessie Moore inayakusanya yote, nami siwezi kuipita. Walikuwa wamefanya kazi pamoja katika Posta ya London, wakijuana kwa wema na si zaidi, hata Septemba 1943 Barker, askari wa mawasiliano aliyekuwa Libya, alipomwandikia barua ya kirafiki, naye akajibu kwa moyo mkunjufu kuliko alivyotazamia. Na baada ya miezi michache walikuwa wapenzi, ilhali hawajaonana tena. Barua zikakawia, zikapishana njiani, jawabu la swali likafika swali jipya limekwisha kuulizwa; na kila neno la faragha aliloandika askari aliliandika akijua kuwa afisa huenda akalisoma. Mtu anayestahimili hayo, akarudi nyuma kulijibu neno baada ya neno la mwenziwe, habari za kambi, vitabu, siasa, hofu na tamaa, hajengi kivuli, maana kivuli hakiulizi wala hakikatai.

Na wanaodhani kuwa karatasi ndiyo iliyowafunga wazingatie hili: Barker aliziteketeza barua nyingi za Bessie, kwa kuwa mkoba wa askari haukuwa na nafasi ya kuzihifadhi, ndiyo sababu zilizosalia leo aghalabu ni za Barker. Alizichoma, akaendelea kumpenda aliyeziandika. Desemba 1944 alitekwa katika mapigano ya Athens, alikokuwa amepelekwa, akaachiliwa, na mwanzo wa 1945 akapata ruhusa ya kwenda kwao. Walionana, Oktoba ya mwaka uo huo wakafunga ndoa, nayo ikadumu hata uzeeni.