Nidhamu ya Plastiki: Kutoka Maabara Hadi Mpakani Busia

Askari anayeshika zamu mpakani Busia, au kwenye barabara itokayo Tororo kwenda Malaba, huona kila siku mizigo ya namna moja: mahindi katika magunia yaliyofumwa kwa nyuzi za plastiki, jerikeni za manjano nyuma ya baiskeli, na kamba za plastiki zinazoikaza mizigo hiyo. Ni wachache miongoni mwetu waliopata kujiuliza uimara huo umetoka wapi. Leo twapenda kulieleza jambo hilo, kwani linaigusa kazi yetu.

Kabla ya mwaka 1953, polithini ilitengenezwa kwa kuibana gesi ya ethilini kwa nguvu inayozidi mgandamizo wa hewa mara elfu moja. Minyororo ya chembe zake ilitoka na matawi kila upande, na plastiki ikawa laini. Mwaka huo, mjini Mülheim, Ujerumani, Profesa Karl Ziegler na wasaidizi wake waligundua kwamba mabaki kidogo ya nikeli ndani ya chombo chao yamebadili matokeo ya jaribio. Wakazijaribu metali nyingine, moja baada ya moja. Titani, ikisaidiwa na kemikali yenye alumini, iliiunga gesi ile bila kubanwa kwa nguvu kubwa, na minyororo ikatoka imenyooka. Hiyo ndiyo plastiki ngumu ya jerikeni.

Mwaka 1954, mjini Milano, Italia, Profesa Giulio Natta alivitumia vichocheo vya namna hiyo kwa gesi ya propilini. Kila chembe ya gesi hiyo ina kitawi kimoja. Vitawi vikikaa ovyo, hupatikana kitu laini chenye kunata, kisichofaa kwa kamba wala gunia. Kichocheo cha titani huvipanga vyote upande mmoja, mithili ya kikosi kilichoweka bunduki bega moja. Safu hizo hushikamana barabara, na plastiki yake haiyeyuki mpaka joto lifikie nyuzi 160 hivi. Wataalamu hao wawili walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1963.

Lakini uimara huo una madhara yake. Mifuko myepesi inayochakacha mkononi, ambayo upande wa Uganda huitwa kaveera, mingi ni ya ukoo wa polithini ya Ziegler. Haiozi. Huziba mitaro na kuua ng'ombe waimezao. Tarehe 28 Agosti 2017, Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea na kufungashia, kwa adhabu ya faini inayofikia shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka 4. Baada ya hapo, mifuko ilipenyezwa kutoka Uganda kupitia Busia na Malaba. Hapo ndipo kemia ilipoingia katika zamu ya askari.

Hatuna budi, basi, kutofautisha. Gunia la mkulima na jerikeni ya mama achotaye maji hutumika tena na tena. Mfuko hutumika dakika chache, kisha hubaki ardhini miaka mingi. Askari asiyeijua tofauti hiyo aweza kumsumbua bure mwenye mahindi, huku marobota ya mifuko yakipita nyuma yake.