Juu ya nini ni vigumu kuacha Candy Crush?

Umeme umekatika, télé imezimika, na simu ya mama imebaki na asilimia 20 ya chaji. "Hiyo ni ya kupigia watu tu," mama amesema. Nusu saa kisha, mtoto ameketi kwenye kona, uso wake unang'aa nyekundu, kijani, manjano. "Ngoja kidogo mama, niko namaliza hii tu." Hamalizi. Na tuseme ukweli, mara nyingi si mtoto: ni mama mwenyewe, ao papa kwenye foleni ya benki.

Mchezo huu, hata asiyejua kusoma anauelewa kwa dakika moja. Skrini imejaa bonbo za rangi. Unabadilishana nafasi ya bonbo mbili zilizo jirani, ili tatu za rangi moja zikutane kwenye mstari. Zinapasuka, za juu zinashuka, mpya zinaingia. Ukipanga 4 unapata bonbo yenye michirizi, inayofagia mstari mzima. Ukipanga 5 kwa mstari mmoja unapata bomu ya rangi: uibadilishane na bonbo nyekundu, na nyekundu zote zinatoweka.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko simu zetu. Mwaka 1994, Mrusi Eugene Alemzhin alitengeneza Shariki, mchezo wa mipira ya rangi kwenye kompyuta. Mwaka 2001 ikaja Bejeweled ya PopCap, kampuni ya Marekani. Candy Crush Saga, ya kampuni King iliyoanzia Uswidi, ilitoka mwaka 2012, kwanza kwenye Facebook, halafu mwaka huo huo kwenye simu.

Sasa, munapakua mchezo huu bure, siyo? Lakini mwaka 2016 kampuni ya Marekani, Activision Blizzard, ilimaliza kuinunua King kwa dola bilioni 5.9. Kitu cha bure kinauzwa namna gani bei hiyo?

Pesa inatoka kwenye ile dakika unaposhindwa. Mchezo unakupa maisha 5. Kila ukishindwa, moja linaenda, na linarudi baada ya dakika 30. Kama hauna subira, lipa, ao omba rafiki akutumie. Na pale umebakiza bonbo moja tu kumaliza ngazi, hatua zako zimeisha, mchezo unakuuliza: unataka hatua 5 zaidi? Hizo zinalipwa kwa vipande vya dhahabu vya mchezo. Vichache unapewa zawadi, vingine vinanunuliwa kwa pesa ya kweli. Wengi hawalipi kitu. King ilipoingia soko la hisa la New York mwaka 2014, waliokuwa wanalipa hawakufika 5 kwa kila wachezaji 100. Hao wachache ndio walibeba mzigo.

Kule kukosa kidogo ndiko kunashika watu. Mwaka 2017, watafiti wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, walitangaza matokeo ya kupima mapigo ya moyo na ngozi ya watu wanaocheza Candy Crush. Aliyekosa kidogo tu alikasirika kuliko aliyeshindwa vibaya, lakini ndiye alikuwa na hamu kubwa ya kuendelea. Hasira inamrudisha kwenye mchezo, bana, haimfukuzi.

Kuna pia siri ya rangi. Ngazi yenye rangi 4 inapita haraka, sababu bonbo zinakutana zenyewe bila wewe kufanya kitu. Weka rangi 6, kila kitu kinakwama. Mtengenezaji ndiye anachagua rangi ngapi na hatua ngapi. Bonbo mpya zinaanguka kwa bahati. Basi ukikwama siku 3 kwenye ngazi moja, usijiite mjinga. Na ukipita, usijisifu sana.

Kwa wale wanaolia juu ya mega: ukiisha kuupakua, zima data, mchezo unaendelea vizuri na mega zako zinabaki. Kama simu imeunganishwa na kadi ya benki, ingia kwenye mipangilio ya Play Store, uweke nywila idaiwe kila mara mtu anaponunua. Fanya hivyo kabla ya kumpa mtoto simu, sababu mtoto hajui kama kile kitufe kizuri cha kijani ni dola.

Tena watoto wamegundua ujanja wao: maisha yakiisha, wanasogeza saa ya simu mbele, na maisha yanarudi bila kungoja. Kwa hiyo kama asubuhi réveil haikulia kwa saa yake, ao simu inaonyesha tarehe ya kesho, usikimbilie kwa fundi. Uliza kwanza nani alikuwa nayo jana usiku.