Albamu Iliyoacha Koo Njiani

Mpwa wangu wa darasa la tatu alinikuta nasikiliza wimbo kwenye spika ya simu, akasimama mlangoni na daftari lake la hesabu. Akatega sikio. "Mjomba, huyo kaungua?" Nikamwambia hapana, anaimba. Akaitazama simu kwa huruma, akarudi sebuleni. Muda si mrefu mwimbaji akaacha kunguruma, akaingia kwenye kiitikio kwa sauti safi, iliyonyooka, ungedhani katoka kwaya ya kanisani. Mtoto akapaza sauti kutoka huko aliko: "Sasa huyu ndiyo anajua kuimba!" Sikuwa na moyo wa kumwambia kuwa ni mtu yule yule.

Wimbo wenyewe ni "My Last Serenade" wa bendi ya Killswitch Engage kutoka Massachusetts, Marekani. Umo katika albamu iitwayo Alive or Just Breathing, iliyotoka tarehe 21 Mei 2002 chini ya lebo ya Roadrunner. Muziki wa namna hii huitwa metalikoo: hevi metali iliyooana na hadikoo, ile panki ya haraka na ya ghadhabu. Kwa Kiingereza mwisho wa neno hilo hauna uhusiano wowote na koo la mtu, lakini sikio la Mswahili limelenga penyewe bila kukusudia. Ukiifuatilia albamu hii tangu studio mpaka miaka 17 baadaye, unakuta habari ya koo moja.

Tuanzie Westfield. Huu ni mji mdogo wa magharibi mwa Massachusetts, uliopewa zamani jina la utani la Mji wa Mijeledi, kwa kuwa viwanda vyake vilitengeneza mijeledi ya kuendeshea farasi wa kukokota magari. Magari ya injini yalipoingia biashara ikafa, jina likabaki. Hapo, katika studio iitwayo Zing, albamu ilirekodiwa kati ya mwishoni mwa 2001 na mwanzoni mwa 2002. Prodyuza alikuwa Adam Dutkiewicz, kijana aliyesomea muziki katika chuo cha Berklee, Boston. Huyo huyo ndiye aliyepiga drams. Ni sawa na fundi anayechanganya zege, anajenga ukuta, kisha anashika timazi na kujikagua mwenyewe.

Wenzake hawakuwa wageni kwake. Yeye na mpiga gitaa Joel Stroetzel walitoka bendi ya Aftershock. Mpiga besi Mike D'Antonio, ambaye pia ndiye mchoraji wa majalada ya bendi, alitoka Overcast. Kutoka bendi hizo hizo mbili walipatikana pia watu walioijaza Shadows Fall, nayo ya eneo hilo hilo. Ukichora mti wa bendi za Massachusetts za miaka ile unapata ukoo, wenye binamu, mashemeji na watalaka.

Sasa sikiliza magitaa. Gitaa la kawaida lina uzi mnene kuliko yote unaotetema kama mara 82 kwa sekunde ukiachwa wazi. Killswitch Engage hulegeza nyuzi zote kwa toni moja, na ule mnene wakaushusha toni mbili, ukafika mitetemo 65 hivi. Anayepiga udi anajua kinachofuata: uzi uliolegea hupwaya na kutoa sauti ya mlenda. Ndiyo maana hufungwa nyuzi nene zaidi, zikazike vizuri hata zikiwa chini. Faida yake ni kwamba kidole kimoja kikilazwa juu ya nyuzi tatu nene kinatoa sauti zinazopatana, na mkono unaweza kukimbia juu na chini ya shingo ya gitaa kwa kasi ya kushangaza.

Uzuri mwingine umejificha ndani ya amplifaya. Sauti ya gitaa hapo inasukumwa kupita kiasi mpaka vilele vya mawimbi yake vinakatika. Ule mkwaruzo unaousikia ni vilele vilivyokatwa. Ukipiga noti mbili pamoja katika hali hiyo, amplifaya inazaa noti nyingine ambazo hukuzipiga, na mojawapo ni tofauti ya hizo mbili. Noti ya mitetemo 65 ikikutana na mwenzake wa 98, inazaliwa ya 33, oktavu nzima chini ya ile ya kwanza. Magitaa mawili yanasikika kana kwamba kuna mnyama mkubwa amelala chini yake. Noti zisizo na uwiano rahisi kama huo huzaa vurugu, ndiyo sababu wapiga gitaa wa metali hushikilia jozi hii kama mkongojo.

Kisha kuna kile kipande wanachokiita brekidauni. Wimbo unakuja mbio, ghafla mwendo unakatwa nusu, gitaa linabanwa kwa ubavu wa kiganja karibu na daraja lake lisivume, na kila pigo lake linaangukia juu ya pigo la dramu kubwa ya mguuni. Ukumbini, hapo ndipo vijana wanapotupiana mabega. Kwenye kaseti mbovu kipande hicho ni tope tupu. Kinahitaji mtu wa kumiksi anayejua kutenganisha gitaa, besi na mguu wa dramu, vyote vikigombea pale pale chini. Kazi hiyo ilivuka bahari ikaenda Uingereza kwa Andy Sneap, mpiga gitaa wa zamani wa bendi ya Sabbat mwenye studio yake Derbyshire. Sikiliza "Temple from the Within", ambao bendi ilikwisha kuurekodi katika albamu yake ya kwanza ya mwaka 2000, kisha usikilize ulivyorudiwa hapa. Ule wa kwanza una mifupa. Huu una nyama.

Haya, koo. Weka vidole kwenye kongomeo useme "aaa". Mtetemo unaousikia unatoka kwenye mikunjo miwili laini ambayo tumezoea kuiita nyuzi za sauti, ingawa haifanani na uzi. Kwa mwanamume anayezungumza kwa utulivu hukutana na kuachana zaidi ya mara 100 kwa sekunde. Sasa jikohoze, kama mzee anayetaka walio ndani wajue kuwa amefika mlangoni. Ule mkwaruzo una mkono wa jozi nyingine ya mikunjo iliyo juu kidogo, minene na mivivu, inayoitwa mikunjo ya uongo. Kazi yake ni kusaidia kufunga njia ya hewa unapomeza, na kubana pumzi unaponyanyua gunia. Haikuwekwa pale kwa ajili ya nyimbo. Lakini ikisogezwa karibu na hewa ikasukumwa ipasavyo, nayo inatetema.

Waimbaji wa Tuva, nchini Urusi, wamelijua hilo muda mrefu. Mikunjo yao ya uongo hutetema mara moja kwa kila mitetemo miwili ya ile ya kweli, na sauti inashuka oktavu nzima. Wanawake wa Kixhosa wa Afrika Kusini nao wana uimbaji wao wa kooni, umngqokolo. Mngurumo wa metalikoo ni jirani wa mambo haya, ila mitetemo yake imevurugika makusudi, haishiki noti. Anayejua hulegeza shingo, hewa ikatoka tumboni, mikunjo ya uongo ikabeba mzigo. Asiyejua hukaza koo na kuisugua ile mikunjo ya kweli mpaka inavimba na kuota vinundu. New York kuna mwalimu wa sauti, Melissa Cross, aliyejipatia jina kwa kufundisha kazi hiyo tu, na mwaka 2005 akatoa DVD ya mafunzo yake. Ilichelewa kwa albamu yetu.

Mwimbaji Jesse Leach alikuwa na miaka 23 aliporekodi. Maneno aliyoyangurumia yalihusu matumaini na kusimama tena, jambo lisilotarajiwa na anayesikia mlio tu. Albamu ilisifiwa na wachambuzi wa metali, video ya "My Last Serenade" ikazunguka, ziara zikaanza. Leach alikuwa ameoa majira ya kuchipua ya mwaka huo huo. Barabarani koo likamsumbua, na sonona ikamshukia. Mwaka 2002 haujaisha, aliwaandikia wenzake barua pepe kwamba anaacha. Watu mliolala basi moja, barua pepe! Walikasirika, na sioni ajabu.

Wakamchukua Howard Jones, mwenye sauti nzito ya kifuani, naye Dutkiewicz alikwisha kuachia vijiti akashika gitaa. Albamu iliyofuata, The End of Heartache ya 2004, ilifika namba 21 katika chati ya Billboard 200, na wimbo uliobeba jina lake ukateuliwa kuwania Grammy ya 2005. Tuzo ilikwenda kwa Motörhead, kwa wimbo wa kukopa kutoka Metallica. Siku hizo mtindo wa kunguruma beti na kuimba kiitikio ulikuwa umekwisha kuenea, na Alive or Just Breathing ikawa inatajwa kama mojawapo ya ramani zake. Hata Nairobi ilipata bendi yake ya metalikoo, Last Year's Tragedy.

Mwaka 2012 Jones akaondoka, kisukari kikiwa miongoni mwa sababu, na Leach akarudi. Disarm the Descent, ya 2013, ikafika namba 7. Lakini koo lina daftari lake la madeni. Mwaka 2018, kazi ya albamu mpya ikiwa katikati, Leach alilazimika kufanyiwa upasuaji wa nyuzi za sauti, akakaa kimya, kisha akaanza kujifunza upya kuzungumza na kuimba kwa mazoezi ya tiba.

Albamu hiyo, Atonement, ilitoka 2019. Katika wimbo "The Signal Fire" Jones alialikwa, wakaimba pamoja: aliyeondoka na aliyempokea kiti. Nimeusikiliza mara nyingi. Wanaponguruma, kuna mahali bado nashindwa kuwatofautisha, maana mikunjo ya uongo haina sura ya mtu. Wakianza kuimba, namjua kila mmoja kwa neno la kwanza.