Hewa ya Zege Ipimwe Mdomoni mwa Bomba

Mtu anunuapo saruji hulipa kwa mfuko. Anunuapo mchanga na kokoto hulipa kwa lori. Kitu kimoja huingia katika zege bila kulipiwa, nacho ni hewa. Na kwa kuwa haina bei, aghalabu haina mtu wa kuihesabu. Katika makala haya twapenda kueleza kwa nini yapasa ihesabiwe, iwe katika majengo ya ghorofa yanayoinuka Mbarara, iwe katika matangi ya maji, vifuniko vya vyoo na misingi ya madarasa katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, yaliyo kilometa zipatazo 60 kutoka huko.

Ieleweke kwanza hewa hiyo yatoka wapi. Saruji, mchanga, kokoto na maji vikorogwapo, viputo vya hewa hunaswa katikati yake. Zege likishindiliwa vyema, hewa ibakiyo huwa kama asilimia 1 au 2 tu ya ujazo wake. Likimwagwa na kuachwa hivyo hivyo, hewa yaweza kufika asilimia 5, au 10, au hata kuzidi. Mtaalamu wa Kifaransa, René Féret, alikwisha kuonyesha katika miaka ya 1890 kwamba nguvu ya zege hutegemea wingi wa saruji ukilinganishwa na maji na hewa kwa pamoja, maana vyote viwili huacha matundu. Wahandisi wa leo hukadiria kwamba kila asilimia 1 ya hewa iliyozidi hupunguza nguvu ya zege kwa karibu asilimia 5.

Tufanye hesabu ndogo. Meta moja ya ujazo ya zege ni lita 1,000. Asilimia 5 yake ni lita 50, yaani madumu mawili na nusu ya lita 20, madumu yale yale yanayopangwa foleni kwenye mabomba ya maji ya Nakivale. Zege lililobeba ziada ya hewa ya kiasi hicho limekwisha kupoteza karibu robo ya nguvu yake, na saruji iliyonunuliwa kwa fedha nyingi imefanya kazi ya bure.

Msomaji aweza kuuliza: mbona katika nchi nyingine hewa hutiwa makusudi? Ni kweli. Katika miaka ya 1930 iligunduliwa Marekani kwamba barabara zilizojengwa kwa saruji iliyochanganyika na mafuta kidogo kiwandani zilistahimili baridi kuliko nyingine. Maji yagandapo huvimba kwa asilimia 9, na viputo vidogo sana vilivyosambaa katika zege huyapa nafasi ya kuvimbia bila kulipasua. Tangu hapo hutumika dawa maalumu ya kuingiza hewa, aghalabu kati ya asilimia 4 na 7. Ndugu zetu waliohamia Kanada au Marekani kutoka Nakivale, wakipata kazi ya ujenzi, wataikuta desturi hiyo, nayo ni halali huko. Lakini Mbarara haiko mbali hata nyuzi moja kusini mwa Ikweta. Maji hayagandi ukutani. Hewa kidogo yaweza kulainisha zege lipite bombani, lakini asilimia zile za nchi za theluji hazina kazi hapa.

Sasa tuitazame pampu. Katika ujenzi mkubwa zege halipandishwi tena kwa karai begani, bali husukumwa katika mabomba hadi ghorofani. Hewa hubanika, ilhali maji na mawe havibaniki. Zege likijaa hewa, pistoni ya pampu hutumia nguvu zake kuviminya viputo badala ya kulisukuma zege, na bomba refu huweza kukwama. Hapo ndipo husikika sauti ya mtu akiita, “Fundi, tuongeze maji!” Maji yakiongezwa zege hupita, lakini nguvu yake imepungua mara ya pili.

Tena, hewa haibaki ile ile safarini. Bomba lishukapo wima, zege hukatika na kuanguka lenyewe. Viputo hutanuka, na vingine hupasuka zege ligongapo chini. Kipimo kilichochukuliwa kwenye gari la zege chaweza kutofautiana na kile cha mdomoni mwa bomba. Basi mwenye jengo aulizapo zege lake lina hewa kiasi gani, jibu la haki ni lile la mahali zege linapotua. Na ili hewa isiyumbe ovyo, bomba la mwisho lilazwe au lipindwe, zege lisiachwe lidondoke kutoka juu.

Chombo cha kupimia nacho chataka uangalifu. Mbarara iko kwenye mwinuko wa meta zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa huko ni pungufu kwa karibu asilimia 15 ya ile ya pwani. Iko aina ya chombo ambayo usomaji wake hubadilika kwa jambo hilo. Kikiwa kimesawazishwa Mombasa au Dar es Salaam, hakina budi kusawazishwa upya kabla ya kuaminiwa Mbarara.

Huko Nakivale, ambako kazi nyingi hufanywa kwa sepetu na ndoo, pampu si tatizo. Lakini hewa iko. Makazi hayo yalianza mwaka 1958 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Rwanda, na leo yana watu zaidi ya laki moja, wakiwamo wengi kutoka Kongo, Burundi na Somalia. Kiswahili ndicho kiunganishi cha wengi wao, na mafundi waashi wapo miongoni mwao. Maji mengi ya makazi hayo hutoka Ziwa Nakivale. Yakisafishwa ni mema. Yakitekwa ziwani yakiwa na mwani na kutiwa katika zege, mwani huo waweza kuingiza hewa nyingi na kuidhoofisha saruji. Sabuni ni vivyo hivyo: fundi aitiaye ili mchanganyiko uwe laini hulijaza povu lisilo na kipimo.

Dawa ya hewa iliyonaswa haihitaji mashine ya bei. Zege limwagwe kwa tabaka za sentimeta zipatazo 15, kila tabaka lichomwe kwa kipande cha nondo hadi kufikia tabaka la chini, na mbao za boksi zigongwe taratibu kwa nje. Penye vaibreta, ichomekwe wima, ikae sekunde chache mpaka viputo vikome na uso ung'ae, kisha itolewe polepole. Kuharakisha huacha shimo. Kukawiza mno hutenganisha kokoto na uji wa saruji.

Mbao zifunguliwapo, matundu mfano wa sega la nyuki huonekana wazi. La kusikitisha ni kwamba mara nyingi hupakwa plasta siku ile ile, mkaguzi asije akayaona. Plasta haibebi mzigo. Unyevu hupenya, nondo hushika kutu, tangi huvuja katika mahali ambapo kila dumu la maji lina foleni yake. Uganda haikusahau hoteli iliyokuwa ikijengwa Bwebajja, katika barabara ya Entebbe, ambayo iliporomoka mwaka 2004 na kuua watu. Hatusemi kuwa hewa ndiyo iliyoiangusha. Twasema jengo haliangukii karatasi za michoro, huwaangukia watu. Sheria ya kudhibiti majengo ya mwaka 2013 imekwisha kutungwa, lakini sheria haishiki nondo ya kushindilia.

Kwa hiyo wajibu ni wa wote. Mhandisi wa Mbarara apime mdomoni mwa bomba. Fundi wa Nakivale achome kila tabaka. Na kamati ya shule au ya maji idai kuona zege kabla halijapakwa plasta. Watoto watakaoketi chini ya boriti hiyo hawana njia ya kujua kilichomo ndani yake. Anayejua ni yule aliyekuwapo siku ya kumwaga.