Safari Hufunua

Neno safari tumelipokea kutoka Kiarabu, na wanazuoni wa lugha wameeleza kuwa shina lake hubeba maana ya kufunua: safari huifunua tabia ya mtu. Garimoshi la usiku baina ya Mombasa na Nairobi lilikuwa na wasaa wa kuifanya kazi hiyo. Wasiojuana waligawana mahamri na chai ya chupa, na kabla ya alfajiri walikwisha kutajiana koo na mitaa. Tangu 2017 treni mpya hufika kwa saa 5 hivi, nasi twashukuru, maana mifupa imechoka. Lakini abiria wake wameinamia simu.

Mwezi uliopita nilisafiri na sahibu yangu wa miaka 30. Hadi Voi tulisomeana habari za Gaza na Sudan, nyoyo zikazidi kulemewa. Mtandao ulipokatika nyikani Tsavo, ndipo aliponambia kuwa mkewe augua figo, naye alikuwa akienda kuonana na mnunuzi wa kiwanja cha babake. Simu zikabaki mifukoni. Tulipofika Nairobi tulikuwa tumekwisha kupangiana zamu za kumpeleka mgonjwa kusafishwa damu, na kiwanja hakijauzwa bado.